Tulivyopanda Kilima cha Tendaguru

Wapenzi wasomaji, wengi wenu mmetuuliza habari za wale rafiki wawili wa ng'ambo waliofika kwetu mwezi wa Agosti. Basi leo tutawasimulieni siku moja tu katika siku zao, nayo ni siku tuliyokwenda nao Tendaguru.

Rafiki hao ni mtu na mkewe, wote wawili walimu wa shule mjini Berlin. Kwa miaka mingi wamekuwa wakiandikiana barua na watoto wa shule yetu, na bibi amejifunza Kiswahili kwa bidii, ingawa husema polepole kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Siku ya pili baada ya kufika, tulipowauliza wapendalo kuona katika nchi yetu, tulidhani watataja pwani, au magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo wageni wengi huyapenda. Lakini wakajibu kwa neno moja: Tendaguru.

Tuliona haya. Sisi tuandikao haya tumezaliwa katika mkoa huu wa Lindi, tumefundisha watoto wake zaidi ya miaka ishirini, wala hatujapata kukikanyaga kilima kile. Jina lake twalijua. Kwamba mifupa ya wanyama wa zamani ilitoka huko, hilo nalo twalijua, tena tumewaambia watoto darasani. Mtu huweza kufundisha jambo miaka mingi bila kuvaa viatu akalitazame.

Kilima chenyewe si mbali. Ni kama kilomita 60 kutoka mji wa Lindi, upande wa kaskazini-magharibi. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri kwa gari la kukodi, tukaifuata barabara ya lami iendayo Kilwa, kisha tukaiacha, tukaingia njia ya udongo mwekundu. Hapo gari likaanza kutupiga vichwa juu ya dari. Kando ya njia palikuwa na mashamba ya ufuta uliokwisha kuvunwa, na mikorosho iliyokuwa inaanza kutoa maua. Katika kijiji kimoja tulikuta wanawake wakiuza ming'oko iliyochemshwa. Tukanunua, wageni wakala, na bwana akauliza ni viazi gani hivi. Tukamwambia kwamba hivi havipandwi na mtu. Watu huvifuata porini, huvichimba kwa taabu, na katika miaka ya njaa vimeponya roho za wengi. Akaacha kutafuna, akakitazama kile alichokishika, kisha akaendelea kula taratibu.

Tulipofika kijiji kilicho karibu na kilima tulikwenda kwanza kwa afisa mtendaji, tukaandika majina yetu katika kitabu cha wageni, kwa maana si adabu kupita katika kijiji cha watu kama mwizi. Akatupa kijana wa miaka kumi na mitano atuongoze. Gari likabaki chini ya mwembe, nasi tukaanza kwenda kwa miguu.

Wageni walikuwa wamevaa viatu vizito vya kupandia milima, vyenye kamba mpaka juu ya kifundo. Sisi tulivaa viatu vyetu vya Jumapili, kwa kuwa tulitaka kuonekana watu wa heshima mbele ya wageni. Kijana alivaa ndala. Yeye ndiye aliyekwenda mbele wakati wote bila kutoka jasho. Wageni wakamfuata wakihema. Na sisi, kabla ya kufika nusu ya njia, soli ya kiatu cha kulia ikabanduka, ikawa yapigapiga chini kama mdomo wa bata. Kijana akachuna gome la mti, akalisokota, akatufungia kiatu kama afungavyo mtu mzigo wa kuni. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Kiatu kile tulikwenda nacho hivyo hivyo mpaka jioni.

Sasa tuwaelezeni mahali penyewe. Msifikiri kwamba Tendaguru ni mlima mrefu. Ni kilima cha wastani, chenye miti ya miombo na vichaka vya miiba na mianzi, na nyasi ndefu zimpatazo mtu kifuani. Mbung'o wapo, nao hawana ukarimu. Ukifika juu waona misitu imetandikwa pande zote, na upande wa kaskazini bonde la mto Mbemkuru. Nyumba hazionekani. Wageni walitazamia kibao au ukuta, hakuna kitu. Ni kijana aliyetuonyesha kwa fimbo yake: "Pale ni shimo. Na pale. Na pale penye mti ulioinama." Ndipo macho yetu yakafumbuka, tukaona kwamba ardhi yote ile imechimbwa. Mashimo yamejaa majani na mizizi, kingo zake zimeporomoka, lakini ni kazi ya mikono ya watu.

Habari yake ni hii. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, jina lake Bernhard Wilhelm Sattler, alipokuwa akipita huku aliona mfupa mkubwa umetokeza njiani. Vitabu husema yeye ndiye aliyeuvumbua. Nasi twafikiri kwamba watu wa hapa walikuwa wameuona kabla yake, maana njia ile ilikuwa yao, wala mtu hapiti kila siku kwenye mfupa mkubwa kuliko yeye asiuone. Mwaka 1907 akaja Profesa Eberhard Fraas wa Stuttgart, akapeleka habari Ulaya. Kisha mwaka 1909 nyumba ya makumbusho ya Berlin ikawatuma Werner Janensch na Edwin Hennig, na kazi ikaanza. Katika mwaka wa 1912 Hans Reck na mkewe Ina ndio walioshika usimamizi, na mwanzo wa mwaka 1913 kazi ikakoma.

Waliochimba ni watu wetu. Mwaka wa kwanza walikuwa zaidi ya mia moja, na baadaye wakafika karibu 500. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Yeye ndiye aliyejua kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja, akawafundisha wengine. Nao wakatengeneza ufundi wa namna yao: mifupa mikubwa waliifunga kwa mianzi pande zote, wakaishindilia kwa udongo mfinyanzi, ikawa kama gogo lililovishwa. Mzigo ukiisha kufungwa, wapagazi wakaubeba mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne hivi, na huko ukapakiwa melini. Jumla ya mifupa iliyokwenda kwa njia hiyo ilizidi tani 200. Njia tuliyoipita sisi kwa gari katika asubuhi moja, tukinung'unika kwa kugongwa vichwa, ndiyo hiyo waliyoipita wao kwa miguu, na mzigo juu.

Wanyama wenyewe waliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Mkubwa wao ni yule wataalamu waliyemwita kwanza Brachiosaurus brancai, na siku hizi wengi humwita Giraffatitan, kwa kuwa shingo yake yafanana na ya twiga. Mifupa yake ilisimamishwa Berlin mwaka 1937. Toka sakafuni mpaka kichwani ni meta 13.27, yaani mnazi uliokwisha kukomaa. Bwana alitueleza jambo ambalo hatukulijua, ya kuwa mnyama yule asimamaye kule si mmoja. Sehemu kubwa ya mifupa ni ya mnyama mmoja, mkia ni wa mwingine, na mahali palipopungua wameziba kwa plasta. Yupo na mdogo, Kentrosaurus, mwenye mabamba na miiba mgongoni. Na mwaka 2007 mtaalamu mmoja alipotambua namna nyingine katika mifupa ile ile ya zamani, alimwita Australodocus bohetii, kwa jina la Boheti. Hivyo jina la msimamizi yule, mtu wa pwani yetu, liliingia katika vitabu vya elimu baada ya miaka karibu mia moja.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza Waingereza nao wakaja, toka 1924 mpaka 1931. Kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, alikufa kwa malaria mjini Lindi mwaka 1925. Pamoja naye mwanzoni alikuwako kijana Louis Leakey, mtoto wa wamisionari, aliyezaliwa Kabete katika nchi ya Kenya. Huyo baadaye alisifika sana kwa kazi yake Olduvai.

Lakini kilichotushangaza sisi kilimani si mifupa, bali makombe. Kijana alichimbua udongo kwa ncha ya fimbo, akatoa kombe la bahari lililogeuka jiwe. Kisha jingine. Tukatazama huku na huku. Bahari haionekani, wala harufu yake haipo. Bwana akaeleza kwamba hapa palikuwa pwani: maji ya bahari yaliingia na kutoka, pakawa na vidimbwi na fungu la mchanga, nao wanyama wale walikuja ukingoni, wengine wakafa, wakazikwa na tope. Mahali hapo bahari imerudi na kuondoka mara nyingi, ndiyo sababu tabaka za mifupa na tabaka za makombe zimepandana kama chapati. Sisi watu wa Lindi ambao huenda pwani kununua samaki tulikaa juu ya kilima cha bara, tukashika pwani ya kale mkononi.

Kijana alimpa bibi kipande cha mfupa cha urefu wa kidole, kiwe ukumbusho. Bibi akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakitazama sana, kisha akainama akakirudisha mahali pake, akakifunika kwa udongo. Kijana alidhani amekidharau. Tukamwambia kwamba tangu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 vitu hivi havichukuliwi ovyo, hata na mwenyeji, sembuse mgeni. Akafikiri kidogo, akasema, "Mbona vile vikubwa vilichukuliwa?" Hatukumjibu, kwa kuwa tulikuwa tukitafuta njia ya kushuka.

Swali lile tulidhani tumeliacha kilimani, kumbe lilikuwa limetutangulia kijijini.

Tuliporudi ilikuwa baada ya adhuhuri. Kijana akatupeleka kwa mzee mmoja, mtu wa miaka themanini na zaidi, aliyekuwa ndiyo kwanza atoke msikitini. Tukamwamkia, "Shikamoo, babu," naye akaitikia, "Marahaba, wanangu," akaamuru viletwe viti na maji. Tukamwambia kwamba wageni hawa wametoka Berlin, nao wamemwona yule mnyama kwa macho yao. Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akatugeukia sisi, wala si wageni, akasema kwa upole kabisa:

"Mwalimu, nisaidie kuwauliza. Babu yangu alitoka katika vita vya Maji Maji akakuta ghala lao limechomwa. Mama yake alikufa kwa njaa ile. Haikupita miaka mingi, wakaja watu wa taifa lile lile, wakamtwika mifupa mpaka Lindi. Sasa hawa nao wamekuja. Waulize: wamekuja kuchukua nini tena?"

Wapenzi wasomaji, twawaungamieni kosa letu. Tuliogopa. Hawa walikuwa wageni wetu, wamekula nasi, wamewasaidia watoto wetu daftari na kalamu. Tukawageukia, tukasema kwa Kiingereza kwamba mzee anawakaribisha sana, naye angependa kujua wamekionaje kilima chetu.

Bwana akatabasamu, akaanza kusifu kilima. Lakini bibi akamgusa mkono akamnyamazisha. Akatuambia kwa Kiswahili chake cha polepole, mbele ya mzee: "Samahani, mwalimu. Mimi nimesikia neno kuchukua. Sikusikia karibu."

Uso wetu uliwaka. Mzee akatutazama, hakukasirika, ila alitutazama kama mwalimu amtazamavyo mtoto aliyenakili jibu la jirani. Tukatafsiri upya, neno kwa neno, ghala na njaa na mama na mifupa, mpaka lile swali la mwisho.

Yule bwana alitoka kitini, akakaa chini mkekani. Akasema, nasi tukatafsiri bila kupunguza: "Babu, hatukuja kuchukua kitu. Kila mwaka mimi huwapeleka wanafunzi wangu mbele ya mnyama yule. Huwaambia urefu wake na umri wake. Sijapata kuwaambia nani alimbeba, kwa kuwa mimi mwenyewe sikujua. Nimekuja nijue."

Mzee akasema, "Basi kaa, ujue."

Akasimulia mpaka alasiri. Babu yake alifariki yeye mwenyewe akiwa kijana, na habari hizi alizisikia kwake karibu na moto. Alisema mfupa mmoja wa paja ulichukuliwa na watu wanne kwa miti mabegani, na mmoja akijikwaa wote wanne huanguka. Alisema maji yalikuwa mbali, na wanawake walioyaleta kambini hawakuhesabiwa kuwa wafanya kazi. Kwamba wapagazi hawakuambiwa ni mnyama gani, hivyo kila mmoja akajitungia wake, na usiku wakabishana. Babu yake yeye alishikilia mpaka kufa kwake kwamba lilikuwa joka.

Bwana akataja kwamba Rais wao, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea mwezi wa Novemba 2023, akaomba msamaha kwa ajili ya vita ile. Mzee akasema, "Nimesikia redioni. Ni vyema. Ila Songea ni mbali na hapa."

Kuhusu kuirudisha mifupa, jambo ambalo limesemwa mara nyingi katika nchi yetu, mzee alitushangaza. Alicheka akasema, "Wakiileta kesho, tutailaza wapi? Nyumba yangu ina mabati kumi na sita." Alitaka barabara ipitikayo masika, na nyumba ndogo kijijini yenye picha na maelezo, ili vijana wake wasiulizwe habari za kilima chao wakabaki kunyosha fimbo. Wako wenye elimu wasemao mifupa irudi yote, nao wana hoja zao, wala hatuwapingi. Lakini sisi kwa upande wetu twaona mzee alisema la kufanyika upesi. Hata hilo hatukuliona kijijini siku ile.

Neno moja zaidi juu ya vita ile. Nasi Wakristo wa kusini tuna makaburi yetu ya mwaka 1905: Askofu Cassian Spiss na wenziwe waliuawa njiani mwezi wa Agosti, na misheni ya Nyangao ikachomwa. Tumezoea kuyakumbuka hayo kila mwaka. Lakini ghala la mama yule, na wengi waliokufa kwa njaa baada ya majeshi ya serikali kuchoma vyakula, tumewakumbuka mara chache, na katika gazeti hili, tukisema kweli, hatukumbuki kuwasoma.

Tukarudi Lindi usiku, kiatu kimefungwa kwa gome, hakuna aliyesema sana.

Mwezi wa Oktoba ikaja bahasha kutoka Berlin. Ndani yake mlikuwa na picha kubwa ya mnyama yule, na chini ya mguu wake amesimama mtu mdogo kama sisimizi. Tukaipeleka wenyewe kwa mzee, safari hii kwa pikipiki. Akaishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akaifuata shingo kwa kidole mpaka juu.

"Na huyu mdogo hapa chini?"

"Ni yule bwana mgeni, babu."

Akacheka sana, akawaita wajukuu waje waone. Kisha akaigeuza picha, akatupa, akatuambia tutoe kalamu. Akatutajia jina la babu yake, na la baba wa babu yake, na jina la kijiji, na kwamba alikuwa mpagazi wa Tendaguru hadi Lindi, safari zake hazikuhesabiwa. Tukaandika nyuma ya picha, naye amesimama kando ya bega letu, ingawa hajui kusoma, akitazama mkono wetu.

"Andika yote, mwalimu," akasema. "Usipunguze."